Reli ya mizigo inakatiza mji na muda mwingi iko tupu. Kwa nini isiwekwe treni ya abiria?

Jirani wa Reli

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa na wanaoyajua mambo ya reli.

Mtaani kwetu reli ya mizigo inapita jirani kabisa na nyumba za watu. Inatoka bandarini, inakatiza mji, inaelekea bara. Asubuhi barabara iliyo sambamba nayo imejaa magari hayasogei, na reli yenyewe iko pale kimya. Unakaa kituoni kusubiri basi muda mrefu, huoni hata kichwa cha treni. Halafu ghafla linapita treni la makontena lisilokwisha, geti linafungwa, foleni inaongezeka, kisha kimya tena.

Sasa kuna mpango umeanza kuzungumzwa wa kuweka treni za abiria kwenye reli hiyohiyo, za kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Mimi nimefurahi. Reli ipo, ardhi ipo, watu tupo. Zinunuliwe injini na mabehewa, vijengwe vituo vya kawaida tu, maisha yaendelee. Lakini jamaa yangu mmoja aliye upande wa mizigo kaniambia reli hiyo "imejaa", na kwamba ukiongeza treni za abiria utaua mizigo na abiria wenyewe hawatafika kwa wakati. Nikamcheka. Imejaa nini, wakati mbuzi wanalala kwenye mataruma?

Je, ni kweli reli inaweza kuonekana tupu na bado ikawa haina nafasi? Na kama ni kweli, walioweza kuchanganya abiria na mizigo mjini walifanyaje?

Kisiki

Mkuu, hapo hakuna ufundi wowote, ni maslahi. Mwenye reli analipwa na mzigo, abiria hamlipi kitu cha maana. Ungekuwa wewe ungempa nafasi nani? Jamaa yako anatetea ugali wake.

Msafiri wa Stesheni

Sidhani kama ni maslahi peke yake. Dar es Salaam treni za mjini zilianza Oktoba 2012, na ziliwekwa kwenye reli zilizokuwepo tayari, ya TRL (kampuni ya reli ya Tanzania) na ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), wakati huo Waziri wa Uchukuzi akiwa Harrison Mwakyembe. Watu mpaka leo wanaiita treni ya Mwakyembe. Kwa hiyo inawezekana. Ila angalieni: ilikuwa asubuhi na jioni. Mchana hakuna. Nadhani hapo ndipo penye jibu, waje wataalamu watusaidie.

Mzee wa Chati

Jirani, kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuongoza treni. Siyo kuendesha, ni ile ya kukaa chumbani na simu, penseli na chati. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Tuanze na hiyo reli tupu. Reli ikiwa ya njia moja, kipande kilicho kati ya stesheni mbili hupewa treni moja tu. Ukishamruhusu dereva aingie, wengine wote wamefungiwa mpaka afike upande wa pili akiwa mzima, behewa la mwisho limeonekana. Wewe na mbuzi wako hapo getini mnaona kokoto na nyasi. Mimi mezani naona njia niliyokwisha kuitoa kwa treni ambayo bado haijakufikia. Ukimya unaousikia mara nyingi ni wa treni iliyo njiani.

Chati yenyewe ni karatasi pana. Upande wa kulala ni saa na dakika, upande wa kusimama ni stesheni kwa mpangilio wake. Kila treni ni mstari wa penseli unaokatiza karatasi. Yenye kasi mstari wake umesimama, ya polepole umelala. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso ni mistari miwili inayokatana, na pale inapokatana lazima pawe na stesheni yenye njia ya kupishania. Ikikatana kati ya stesheni na stesheni umechora ajali, chukua kifutio. Siku hizi kompyuta inachora yenyewe, lakini hesabu ni ileile.

Hebu tuifanye. Chukua kipande cha kilomita 12, njia moja, hakuna pa kupishana katikati. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakimaliza kwa dakika 18. Leta treni yako ya abiria. Hata ikiweza kilomita 80 kwa saa, dakika 9 ni za mwendo, kisha ina vituo vinne, na kila kituo kinakula kama dakika mbili ukijumlisha kupunguza mwendo, milango kufunguliwa na kufungwa, na kuchukua kasi upya. Jumla 17. Watu wanataka treni kila nusu saa? Hizo ni mbili kwenda na mbili kurudi ndani ya saa moja. Nne mara 17 ni 68. Saa ina dakika 60. Hapo mzigo hatujaugusa, na tayari haiwezekani.

Punguza iwe moja kwa saa kila upande. Abiria wanachukua dakika 34, ukizibana pamoja zinabaki 26. Treni moja ya mizigo ya dakika 18 inaingia, toa na dakika za kugeuza pointi (zile reli zinazosogezwa ili treni ihame njia) na kuhakikisha kipande kiko wazi, umebaki na vijidakika vya kuhesabu kwa vidole. Mtu mmoja akizuia mlango kituo cha pili kwa sababu anamsubiri mwenzake, mzigo unakosa nafasi yake, na nafasi nyingine ni saa ijayo.

Sasa weka njia ya kupishania katikati ya hicho kipande. Umepata vipande viwili vya kilomita sita, kila kimoja dakika 8 na nusu kwa abiria na 9 kwa mizigo. Zile treni nne za kila nusu saa zinachukua dakika 34 kwa kila kipande. Zinaingia! Reli mpya isiyofika hata kilomita mbili imefanya kazi ambayo rundo la mabehewa mapya lisingeifanya. Ndiyo maana nikisikia mpango unaanza na picha za mabehewa yenye rangi nzuri huwa nauliza kwanza pointi zitakuwa wapi.

Na hapo napo pana mtego: urefu wa hiyo njia ya kupishania. Treni ya mizigo ikiwa na mita 1,200 na njia ya kupishania ina mita 600, mzigo hauingii humo hata ukiomba. Maana yake kila wanapokutana, anayepisha ni abiria, kila mara, hata kama ratiba imeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba abiria ana kipaumbele. Na zikikutana mbili za mizigo zote ndefu, hazipishani kabisa. Moja itashikiliwa stesheni ya mbali yenye nafasi ya kutosha, pengine saa nzima.

Kuna jambo lingine watu wa nje hawalioni. Treni ya mizigo ukiisimamisha, huilipii muda wa kusimama tu. Breki za treni ni za upepo. Ili ziachie, upepo ujae tena kwenye bomba linalopita mabehewa yote mpaka la mwisho, na kwenye treni ndefu dakika kadhaa zinakwenda dereva akitazama geji tu. Kisha aanze kuvuta taratibu, kile kilegevu cha kila kiungio kikazwe kimoja kimoja, ukisikiliza unausikia mlio unakimbia kutoka mbele kwenda nyuma: ta-ta-ta-ta-ta. Kama ni mlimani na mvua imenyesha, magurudumu ya injini yanateleza, anamwaga mchanga. Mpaka arudi kwenye kilomita 40 kwa saa, umepoteza robo saa kwa ajili ya taa nyekundu ya dakika mbili. Kwa hiyo waongozaji wengi, mimi nikiwemo, kwenye mlima tulikuwa radhi kumchelewesha abiria kidogo kuliko kuusimamisha mzigo. Abiria walitutukana. Waliruhusiwa.

Kwenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, maisha ni mepesi zaidi, na jambo la kushangaza ni hili: treni ya abiria inayosimama kila kituo na ya mizigo inayotambaa bila kusimama wastani wao unakaribiana. Rudi kwenye mfano wetu, kilomita 12 kwa dakika 17 ni kama kilomita 42 kwa saa. Zikifuatana vizuri hazigombani sana. Anayeharibu ni yule wa mwendokasi asiyesimama vituoni. Huyo anahitaji nafasi kubwa mbele yake, la sivyo atakaa nyuma ya makontena akinusa moshi.

Kwa hiyo jamaa yako hakukudanganya. Pengine alisema kwa ujumla mno.

Jirani wa Reli

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Sasa nimeelewa kwa nini mbuzi wanalala.

Lakini nina swali. Kwa nini mizigo isisimamishwe tu asubuhi na jioni? Kontena halina bosi anayelisubiri saa mbili. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi iwe ya abiria, saa 10 hadi saa 1 jioni iwe ya abiria, usiku kucha mizigo ipite. Kila mtu kapata.

Binti Makasha

Naomba nijibu hili mimi, kwa sababu nipo upande wa hayo makontena na "halina bosi" nimeisikia mara nyingi mno.

Ukifunga kwa muda wa saa tatu kila asubuhi, sisi hatupotezi hizo saa tatu tu. Treni inayotoka bara ambayo ingefika ukingoni mwa mji saa 11 na nusu alfajiri haiwezi kuingia, maana haitamaliza kuvuka kabla ya saa 12. Inasimama nje ya mji. Nyuma yake inakuja nyingine. Saa 3 mnapofungua, zinaingia zote kwa mkupuo bandarini ambako kreni ni zilezile na yadi ina njia zilezile. Ya kwanza inahudumiwa, ya tatu inasubiri mpaka mchana. Dereva wake ana saa za kazi zinazoruhusiwa, zikiisha anashuka na treni inabaki pale mpaka aletwe mwingine. Ikitoka imechelewa, inakuta mmefunga tena jioni. Meli haisubiri. Mzigo uliokosa meli unasubiri ijayo, na mteja ananipigia mimi simu, hampigii aliyepanga ratiba.

Na mteja akishachoka anahamia malori. Kila treni moja ya makontena ni malori mengi, na yote yatapita kwenye hiyo barabara yenu ya foleni. Mtakuwa mmepanda treni mkaacha barabara ikajazwa na mizigo iliyotolewa relini. Hilo lifikirieni kabla ya kufunga.

Sisemi abiria wasiwepo. Mimi mwenyewe nakaa kwenye hiyo foleni.

Mzee wa Chati

Marahaba, Jirani. Binti kasema kweli, na ushahidi upo. Sydney walikuwa na utaratibu huohuo unaoupendekeza: mizigo ilizuiwa kupita kwenye njia za abiria nyakati za asubuhi na jioni. Mwisho wake ilibidi wajenge reli ya mizigo pembeni, kusini mwa jiji, kilomita 36, ikafunguliwa Januari 2013 ili treni za mizigo zipite muda wowote. Na ni njia moja yenye sehemu za kupishania, haikuwa lazima iwe ya fahari.

Kufunga kwa muda kunafaa pale ambapo mizigo ni michache na ina subira, labda kokoto, labda saruji. Kunaanza kuuma mizigo ikiwa mingi, na wewe Jirani umesema reli yako inatoka bandarini.

Uliuliza walioweza walifanyaje. Wengi waliouona mwanga waliuhamisha mzigo kwanza, abiria wakafuata. Toronto ni mfano mzuri. Kampuni ya reli ya CN ilijenga njia ya kuzunguka kaskazini mwa jiji pamoja na yadi kubwa mpya ya kupangia mabehewa, ikaanza kutumika 1965. Mizigo ikatoka kwenye reli ya kando ya ziwa. Mei 1967 treni za GO, zile za kupeleka watu kazini, zikaanza hapo kando ya ziwa, na mpaka leo hiyo ndiyo njia yao yenye shughuli nyingi. Sasa linganisha na njia yao ya Milton, iliyoanza 1981 kwenye reli ya kampuni ya mizigo ya Canadian Pacific, ambako mzigo haukuhama. Jiji lilelile, mtoa huduma yuleyule, lakini Milton imebaki miongo mingi ikipeleka watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni siku za kazi, basi. Ukitaka kwenda kinyume na umati, panda basi.

Tokyo nao walifanya hivyo kwa njia ya kuvutia zaidi. Mwaka 1973 walifungua njia ya Musashino, inayouzunguka mji kwa nje, na lengo kubwa lilikuwa mizigo isipite katikati. Mizigo ilipopungua kwenye reli ya zamani ya mizigo iliyo sambamba na Yamanote, njia ya abiria inayozunguka katikati ya mji, nafasi ile wakaipa abiria: 1986 treni za abiria za Saikyo zikafika stesheni kubwa ya Shinjuku kwa reli hiyo, na 2001 zikaongezwa za Shonan-Shinjuku. Na Musashino yenyewe ikawa ya abiria pia, sasa inajaa kweli kweli.

London hawakuuhamisha mzigo. Ile njia yao ya kaskazini mwa jiji ilikuwa na inaendelea kuwa barabara kuu ya mizigo inayotoka bandari za mashariki. Walipoichukua kwa ajili ya Overground, huduma yao ya treni za abiria mjini, Novemba 2007, waliona hawana ujanja zaidi ya kuongeza njia. Sehemu ya Camden Road kwenda Dalston wakarudisha njia nne, wakabadilisha ishara, 2011 ikawa tayari. Hapo ndipo treni zikaongezwa.

Ukiniuliza mpango wa mtaani kwako uko wa aina gani kati ya hizi, sijauona. Lakini kama hakuna reli ya kuzunguka, hakuna njia ya ziada na hakuna sehemu mpya za kupishania, basi kilichobaki ni kugawana dakika. Na dakika nimekuonyesha.

Kisiki

Mzee, umeeleza vizuri, lakini narudi palepale. Hata zijengwe hizo njia za kupishania, nani anakaa kwenye kiti chako? Kama mwongoza treni analipwa na mwenye mizigo, treni ya abiria ikichelewa dakika tano atampa nani njia?

Mzee wa Chati

Kisiki, leo umeuliza swali la maana, wala sikukejeli.

Treni zikienda kwa wakati, mwongozaji hana kazi, anakunywa chai. Kazi inaanza zikichelewa. Abiria kachelewa dakika tano, mzigo uko tayari umewasha injini. Nikimpa mzigo, zile dakika tano za abiria zinakuwa ishirini na tano. Nikimsubiri abiria, mzigo unapoteza nafasi yake stesheni tatu mbele. Mkataba mzuri unaandika hilo waziwazi: treni ya abiria iliyochelewa mpaka dakika fulani bado ina haki yake, ikizidi hapo inasubiri. Isipoandikwa, mwongozaji ataamua kwa kumwogopa yule anayemlipa. Sote ni binadamu.

Ndiyo maana baadhi ya serikali zimeamua kununua reli yenyewe. Virginia, Marekani, treni za VRE, za kupeleka watu kazini, zilianza 1992 kwenye reli za kampuni za mizigo, ikiwemo CSX. Mwaka 2019 jimbo likakubaliana na CSX kwa mpango wa dola bilioni 3.7: kununua sehemu ya njia, kuongeza reli, na kujenga daraja jipya juu ya mto Potomac, kwa sababu la zamani ni la 1904 na lina njia mbili tu za kubeba abiria na mizigo yote. Angalieni fedha hizo. Hazikwenda kwenye viti na viyoyozi. Zimekwenda kwenye ardhi, reli na daraja, yaani mahali ambapo treni zilikuwa zinasubiriana.

Chicago vilevile. Kule Englewood, treni 78 za Metra, za abiria wa jiji na vitongoji, kwa siku zilikuwa zinakatizana na reli nyingine yenye treni kama 60 za mizigo na za Amtrak (abiria wa safari ndefu), zote ardhini, msalaba. Kila moja ikipita nyingine inasimama. 2014 wakamaliza daraja la kurusha Metra juu ya hiyo nyingine. Haikuongezwa treni hata moja kwa daraja hilo, wala behewa, lakini msalaba ukaondoka.

Fundi Ishara

Naona hakuna aliyegusa usalama. Mimi ni wa ishara na nitakuwa mfupi.

Tarehe 12 Septemba 2008, Chatsworth, kandokando ya Los Angeles. Treni ya abiria ya Metrolink ilipita taa nyekundu ikaingia kwenye kipande cha njia moja, ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo ya Union Pacific. Watu 25 walikufa. Uchunguzi ulikuta dereva alikuwa akituma ujumbe wa simu. Taa ilikuwa inafanya kazi, pointi zilikuwa sawa, ratiba ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni kifaa cha kumfungia breki aliyepita nyekundu.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulazimisha mfumo wa kusimamisha treni wenyewe kwenye njia za namna hiyo. Tarehe ya mwisho iliwekwa 2015, ikasogezwa, na kazi ikakamilika mwisho wa 2020. Miaka 12. Ni ghali, na kila injini inayopita hapo lazima iwe na kifaa, ikiwemo ile injini chakavu ya mizigo inayopita mara moja kwa wiki. Kama moja haina, ulinzi wote una tundu.

Kwa hiyo Jirani, treni za mizigo peke yake kwenye njia moja ni hatari inayowahusu madereva wawili watatu. Ukiongeza mamia ya abiria kwenye reli hiyohiyo, kiwango cha ishara kilichotosha jana hakitoshi. Hilo liingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Na mageti ya barabarani pia. Yanapangwa kwa treni chache. Ukiweka za abiria kila nusu saa kila upande, geti linafungwa mara nne kwa saa zaidi ya sasa, na pale ambapo kituo kiko karibu na barabara, geti linaweza kubaki limefungwa treni ikiwa imesimama inashusha watu. Madereva wa magari wataanza kukwepa vizuizi. Mjenge madaraja au vivuko vya chini hapo penye magari mengi, au msogeze kituo.

Msafiri wa Stesheni

Na majukwaa je? Nimeona sehemu nyingine unapanda treni kama unaingia sebuleni, kwingine unapanda ngazi ukishika chuma. Kwa mama mwenye mtoto na mzigo hilo si dogo.

Fundi Ishara

Majukwaa ya juu, yanayolingana na mlango, yanahitaji kuwa karibu sana na behewa. Mabehewa ya mizigo mengine ni mapana kuliko ya abiria, na mzigo usiofungwa vizuri hutokeza pembeni. Yatakwangua jukwaa. Njia zinazotumika ni kuweka majukwaa ya chini na mabehewa yenye sakafu ya chini, au kuweka reli ya pili iliyosogezwa kidogo palepale kituoni ili mzigo upite mbali na jukwaa na abiria wapite karibu, au kituo kiwe kwenye njia ya pembeni. Hiyo ya tatu ni nzuri kuliko zote kwa sababu treni ya abiria ikiwa kituoni inakuwa imeshaitoa njia kuu kwa mzigo.

Jirani wa Reli

Wakuu asanteni sana. Kuna mkutano wa wananchi kuhusu mpango huu hivi karibuni, na nimepewa nafasi ya kuuliza. Nilikuwa nimeandika "lini treni zitaanza na nauli itakuwaje". Nimefuta. Nitauliza sehemu mpya za kupishania ni ngapi na ziko wapi, nani ataongoza treni na mkataba unasema nini treni ikichelewa, na kama injini za mizigo nazo zitafungwa kifaa cha breki.

Mzee, nitajuaje kama treni za mizigo za hapa zinaingia kwenye hizo njia za kupishania? Sitaki nijibiwe "zinatosha" nikakaa chini.

Mzee wa Chati

Hesabu mabehewa ukiwa getini, upande wa barabara, usikanyage reli. Behewa la kubeba kontena moja la futi 40 lina kama mita 13 au 14 pamoja na viungio. Yakipita 50, una takriban mita 650 hadi 700, na injini juu yake, kama mita 20 kila moja. Usihesabu treni moja. Hesabu zinazotoka bandarini na zinazokwenda, maana mara nyingi tupu huunganishwa ndefu zaidi. Chukua ile ndefu kuliko zote uliyoiona.

Kisha mkutanoni usiulize kama zinatosha. Uliza urefu wa kila njia ya kupishania kwa mita, kutoka ishara hadi ishara. Siyo kutoka pointi hadi pointi. Treni husimama nyuma ya ishara, na hizo mita za mbele ya ishara hazikusaidii. Wakikupa namba, toa ya kwako. Ikiwa ya treni ni kubwa, waulize treni ya abiria ya saa 1 na nusu asubuhi itapishwa wapi, na nyamaza uwasubiri.

Binti Makasha

Na ukiwa getini, hesabu Jumatatu asubuhi baada ya meli kuingia. Ndizo ndefu zenyewe.